Uso wa Metrine

Kawangware,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mayi. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepungua kuvimba na umeanza tena kutoka nje asubuhi kuota jua. Na Nekesa je, analala vizuri? Bado anakataa uji usio na sukari? Mimi mwili uko salama. Nakula, nafanya kazi, cherehani inazunguka. Hayo mengine utayaona humu ndani.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini simu umekataa kushika, Mama. Nimekupigia tangu tulipotoka kuzika, na kila mara ni ndugu yangu Wanjala anayeshika. Ananiambia, "Mama yuko shambani," na mimi nakusikia hapo nyuma yake ukifukuza kuku. Nikaona niandike tu. Mke wa mjomba, Khocha Wafula, anasafiri Jumatano kuja huko, nimemwomba akuwekee mkononi mwenyewe. Barua haikatwi kama simu.

Siku ya mazishi ya Metrine uliniuliza swali mbele ya watu, nami nikakujibu. Jibu lile halikuwa la kweli lote. Ndiyo maana naandika. Nataka unisamehe, lakini kwanza ujue unasamehe nini.

Nakumbuka ilivyokuwa. Khocha Wafula alikuwa amechukua kitambulisho cha Metrine, akaenda sokoni picha ikakuzwa, ikawekwa juu ya jeneza na maua pembeni. Ilikuwa imekuzwa mpaka ikawa na madoadoa. Metrine alipopigwa picha ile alikuwa na miaka kumi na minane, ndiyo kwanza ametoka kuugua malaria, shingo nyembamba, macho yametoka kama mtu aliyeshtuliwa. Uliitazama kwa muda mrefu. Ukasema, "Huyu si mtoto wangu." Ukafungua leso kiunoni ukaifunika. Halafu ukanigeukia mimi dada yake, mchungaji akiwa hapo, kina mama wote wa kanisa wakiwa hapo, ukasema, "Phanice, wewe kila wiki unapiga picha huko Nairobi. Ya mtoto wangu iko wapi?"

Nikakujibu, "Mama, kwenye grupu yetu kuna sheria. Haturuhusiwi kupiga uso wa mtu."

Hujaniambia neno mpaka leo.

Wacha nikueleze hiyo sheria, maana yenyewe haikuwa uongo. Sijawahi kukueleza vizuri mambo ya hizi picha. Nadhani ulifikiri nimeanza ujana uzeeni, na hata Wanjala aliniuliza kama natafuta bwana.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mteja mmoja aliniletea suruali niipunguze, hapa barazani ninaposhonea, mbele ya duka la mama mwenye ploti. Akisubiri, akanionyesha picha kwenye simu yake. Kamba ya kuanika nguo na kivuli chake ukutani, basi. Nikaitazama mpaka sindano ikanidunga. Nikamuuliza nani kaipiga, akasema ni yeye, na kwamba wako kama ishirini hivi, wanakutana kila Jumamosi kwenye ukumbi mdogo pale Makina, Kibera. Mkubwa wao ni Mwalimu Odhiambo. Si mwalimu wa shule, kazi yake ni kupiga picha za harusi, lakini wote wanamwita hivyo.

Kila Jumatatu Mwalimu anatutumia neno moja. Mlango. Au maji. Au kusubiri. Una wiki nzima ya kulitafuta neno hilo kwa simu yako, unapiga unavyotaka, lakini Jumamosi unaleta picha moja tu. Mnakaa kwenye viti vya plastiki, simu inapita mkono kwa mkono, kila mtu anasema anachokiona. Hakuna zawadi. Ukisifiwa unarudi nyumbani umejaa, ukikosolewa unarudi umenuna.

Mama, usinicheke. Miaka kumi na moja nimewekea watu zipu na kupunguza suruali zao. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi naona nini. Wiki ya mlango nilitembea Kawangware nzima nikitazama milango ambayo nilikuwa nimepita mbele yake tangu nije mjini, na ikawa ni kama nimeshuka kwenye basi jana. Nilijifunza kwamba bati la asubuhi na bati la adhuhuri si bati moja. Nilijifunza kusubiri mtu apite ndipo nibofye. Nilikuwa na furaha, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu sitaki ufikiri kwamba niliibiwa akili na jambo la kipuuzi.

Sheria ilikuwa hiyo moja: uso wa mtu, hapana. Mwalimu alituambia watu wa Kibera wamepigwa picha na wageni mpaka wamechoka. Mgeni anashuka kwa gari, anamwinamia mtoto mwenye kamasi, anabofya, anaenda zake, hata jina hajauliza. "Uso ni wa mwenyewe," alisema. "Mtafika huko, lakini mwisho kabisa, mkishajua kuomba. Saa hii jifunzeni kuona hizo zingine zote."

Nami unanijua. Wengine walikuwa wanaivunja sheria nyumbani kwao, wanapiga watoto wao wakicheka, hawaleti Makina tu. Mimi ukiniambia nisivuke mstari, nasimama hatua tatu nyuma yake. Wewe ndiye uliyenilea hivyo, na sikulaumu.

Na wa kujifunzia nilikuwa naye mmoja, Metrine. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilitembea kutoka huku Kawangware mpaka kwake Lindi, huko huko Kibera, nikamkuta nje ya chumba chake, jiko limewaka, anasukuma chapati za kuuza. Neno likiwa mikono, nilimpiga mikono. Likiwa kivuli, nilipiga kivuli chake kwenye mabati ya jirani. Wiki ya kusubiri nilipiga miguu yake kwenye foleni ya maji, ile ndala ya kulia imefungwa kwa waya. Wiki ya mzigo tulishuka wote Silanga kununua sukuma, nikampiga mgongo, mwanawe Nekesa amelala juu yake na gunia liko kichwani.

Alikuwa akinitania. "Wee Phanice, kwani mimi ni mbuzi? Mbona unanikata vipande vipande? Leo mikono, kesho miguu. Kichwa utachukua lini?"

"Kichwa bado. Mwalimu hajafika hapo."

"Mwambie huyo mwalimu wako aharakishe, mimi nazeeka."

Tulicheka, Mama. Sikuona kitu ndani yake.

Na unajua picha zingine hakuwa nazo. Moto ule uliopita Lindi ulichoma sanduku lake na vyote vilivyokuwamo, na ile simu nzuri, akabaki na nguo aliyovaa na kitambulisho kilichokuwa mfukoni. Tangu hapo alitumia simu ndogo ya vibonye isiyo na kamera. Na huko nyumbani kuna ile ya darasa la nane tu, watoto arobaini wamebanana na yeye amefichwa na bega la mtu.

Sasa nimefika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka. Ikawa wiki ya mviringo.

Nikasema, mviringo gani utanishinda na nina dada wa chapati? Nikafika kwake mchana, nikapanda juu ya kigoda ili nipige kutoka juu: kikaango cheusi, chapati katikati, na mkono wake ukiigeuza. Nilipiga, nikapiga. Chapati zilikuwa zinatoka na mabaka tofauti na mimi nayataka yote. Wateja walianza kulalamika kwamba nawazibia njia. Mwishowe Metrine akaweka chini kijiti cha kusukumia, akasimama mbele yangu.

"Umemaliza? Sasa nipige kama mtu."

"Wiki hii ni mviringo."

"Kwani uso wangu ni wa pembe nne? Nipige bana. Uioshe, umtumie Mama. Miaka miwili hajaniona, anadhani bado niko vile nilikuwa baada ya moto. Aone nimenona. Hii si ya mwalimu wako, ni ya Mama."

Akavua aproni, akaitupa kwenye ndoo. Nikampiga.

Ndiyo, Mama. Nilimpiga uso. Picha yako ilikuwepo.

Ilikuwa moja tu. Kisha nikarudi kwa chapati, kwa sababu jua lilikuwa limefika pale nilipokuwa nikilisubiri, juu ya kikaango peke yake. Nikabofya, simu ikaniandikia imejaa. Jua lile lilikuwa linaondoka na chapati ilikuwa inaungua. Nikafungua picha mbiombio nitafute ya kufuta. Zilikuwa chapati, chapati, chapati, zote zinafanana, na kila moja niliona nitaihitaji. Moja tu ndiyo haikuwa ya mviringo. Nikajiambia, huyu si huyu hapa mbele yangu? Nitampiga tena Jumapili ijayo. Nikafuta.

Nilifuta uso wa mtoto wako nikabaki na chapati. Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi zingine nikazichana, hii sitaichana.

Hakuniona. Alikuwa ameshainama kwenye jiko. Jumapili iliyofuata nilikuwa na sare za shule za kumalizia, sikwenda. Aliniuliza kwa simu, "Umeiosha?" Nikamwambia foleni ni ndefu kwa mtu wa kuosha picha. Baada ya siku tatu akaniuliza tena, nikamwambia vile vile. Hivyo alikufa akijua kwamba iko njiani inakuja kwako.

Kikohozi tulidhani ni moshi wa jiko, kama kawaida yake. Mwenyewe alisema ni moshi. Nilipompeleka hospitali Jumamosi alikuwa hawezi kumaliza sentensi, wakatuambia ni mapafu, na Alhamisi asubuhi akawa ameenda. Hayo unayajua, sitayarudia, yananimaliza nguvu.

Nilipotoka huko kuzika nilipeleka simu kwa fundi mmoja pale Makina, karibu na msikiti, mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Nikamwambia natafuta picha moja tu. Alikaa nayo siku mbili. Niliporudi hakunirudishia mara moja, aliniketisha kwanza.

"Dada yangu, picha ukiifuta haiendi saa ile ile. Inakaa tu hapo chini, mpaka nyingine ije ikalie mahali pake. Baada ya kuifuta ulipiga zingine?"

"Ndiyo."

"Nyingi?"

Nilikuwa nimepiga ile chapati ya mwisho. Nilikuwa nimepiga wiki ya ngazi, na wiki ya rangi nyekundu. Hata Jumatano ile, akiwa kitandani hospitalini, nilipiga dirisha la wodi, kwa sababu neno la wiki lilikuwa mwanga na mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Mzee akasema, "Pole sana, dada yangu," akavua miwani yote miwili akaanza kuifuta.

Kwa hivyo sheria ilikuwepo, Mama, lakini si sheria iliyokunyima picha. Ni mimi. Pale kaburini nilijificha nyuma ya Mwalimu Odhiambo, mtu ambaye hata humjui na hajakukosea chochote. Wewe ukadhani mtoto wako aliishi na mimi huku miaka yote na sikuona haja ya kumtazama usoni. Nilimtazama. Nilimwona vizuri kuliko mtu yeyote. Nilichofanya ni kuona chapati ni muhimu kuliko yeye kwa muda wa kubofya mara moja.

Ile picha ya chapati ilisifiwa sana, ikaoshwa kubwa ikabandikwa ukutani Makina. Nilivumilia wiki tatu kukaa chini yake. Kisha nikamwomba Mwalimu aitoe, akauliza kwa nini, nikamwambia. Alipanda juu ya kiti akaibandua mwenyewe, na tangu siku hiyo hajaniambia lolote kuhusu picha zangu, nzuri wala mbaya.

Halafu Jumatatu iliyopita neno likaja. Uso. Mwalimu alinipigia simu kando akaniambia, "Phanice, hii wiki unaweza kuiruka, hakuna mtu atauliza." Nikaenda hata hivyo. Jumamosi jana kila mtu alikuja na mtu wake: mume, jirani, nyanya, muuza maji. Zikapita mkono kwa mkono. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mimi sina."

Kuna mama mmoja kwenye grupu anayeuza makaa Silanga, si mtu wa maneno mengi. Akanitazama, akasema, "Sasa si utuambie tu. Kwani hukumwona?"

Nikawaambia. Nilisema kila kitu kilichokuwa kwenye picha, kutoka juu mpaka chini, na sikusahau kitu. Nilipokuwa natembea kurudi Kawangware nikaona aibu, kwamba watu ishirini wa Kibera wameambiwa na wewe bado.

Kwenye bahasha hii utakuta picha kumi na moja. Nimeziosha zote. Ni mikono yake, kivuli chake, miguu, mgongo na Nekesa juu, sikio lake na ile hereni ya kijani. Wiki zile nilijivunia kila moja. Sasa nikizipanga mezani natafuta jinsi ya kuziunganisha ziwe yeye, na haziungani. Usipotaka kuziona mpe Wanjala amwekee Nekesa mpaka akue. Chapati sikuiweka humo.

Nisalimie Wanjala na mke wake, mwambie asante kwa kushika simu na kusema uongo kwa adabu. Nisalimie Khocha Wafula, na umwambie ile picha ya kitambulisho alifanya vizuri kuitafuta, kosa halikuwa lake. Nisalimie shangazi, Senge Rosa, aliyeimbisha siku ile mpaka sauti ikamkauka. Nisalimie mchungaji na jirani yako Mama Barasa. Nekesa mpakate kwa niaba yangu, na uji mwongezee sukari kidogo, mama yake alikuwa akimfanyia hivyo.

Mama, usipotaka kunijibu nitaelewa. Ukitaka kunitukana nitaelewa pia, hata nitafurahi kusikia sauti yako. Lakini uliniuliza ya mtoto wako iko wapi, nami nina deni la kukujibu. Siwezi kuiosha, kwa hivyo naiandika. Hii hapa.

Amesimama mbele ya mlango wa jirani, ule wa buluu. Amenona, Mama. Mashavu yamerudi vile yalivyokuwa kabla hajaolewa, na ngozi inang'aa kwa moto wa jiko. Kitambaa cha kichwa kimeteleza nyuma na mistari ya mbele imeanza kufumuka, alikuwa amesukwa wiki mbili zilizopita. Chini ya jicho la kushoto kuna unga, alijipangusa jasho kwa mkono wa kazi. Jicho la kulia amelifinya kidogo kwa sababu ya jua. Mdomo ameufunga ili akae kama mtu wa heshima, unajua alivyolificha lile pengo la meno, lakini kicheko kimeshafika na kinamtoka upande mmoja. Kidevu kiko juu, vile unavyokiinua wewe ukiitwa mbele ya watu. Mikono haionekani. Macho hayako kwenye simu, yanatazama juu yake kidogo, mbali, nyuma yangu. Nilimwambia, "Metrine, angalia hapa," akakataa.

"Sikuangalii wewe," akasema. "Namwangalia Mama."

Mtoto wako,
Phanice